Mnara Ukizimika Mlimani, Nani Atapanda Kuuwasha?

Agosti 2022, Nape Nnauye, wakati huo akiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari wa Tanzania, alizindua intaneti ya kasi Horombo, kituo kilicho mita 3,720 juu ya usawa wa bahari kwenye njia ya Marangu ya kupandia Kilimanjaro. Kazi ilifanywa na Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL. Habari ilizunguka dunia: mgeni angeweza kurusha picha kabla hajafika Kibo, na mpagazi akiugua msaada ungeitwa bila mtu kuteremka mbio. Nepal ilikuwa imetangulia, kwani mwaka 2010 kampuni ya Ncell ilifikisha huduma ya 3G karibu na Gorakshep, mita 5,200 hivi, chini ya Everest.

Milima yenye watalii ina bahati. Ina njia inayopitwa kila siku, ina walinzi, ina wapagazi, na ina mgeni aliyelipa dola ambaye atalalamika mara mtandao unapokatika. Kijiji kilichojificha Usambara, Uluguru au kwenye vilima vya Kivu hakina hata kimoja kati ya hivyo. Huko pia utepe hukatwa na hotuba husomwa, kisha magari hushuka. Linabaki swali lisilokuwamo kwenye ratiba ya siku hiyo: huduma ikizimika katikati ya masika na barabara imekatika, nani atapanda, amebeba nini begani, na nani atamlipa?

Mlimani hakuna mtambo usiozimika. Radi itapiga, betri itachoka, upepo utageuza antena, panya atatafuna waya. Kwa hiyo kupima huduma ya milimani kwa kasi yake, au kwa idadi ya minara iliyosimikwa, ni kupima kitu kisicho na uzito. Kipimo chenye maana ni muda unaopita tangu huduma kuzimika hadi kuwaka tena, na muda huo hutegemea zaidi umbali ulio kati ya hitilafu na mtu anayeweza kuiondoa. Ukishika kipimo hicho mkononi, mijadala mingi kuhusu teknolojia hujipanga yenyewe.

Mfano unaofundisha kuliko yote uko Nepal ya magharibi, wilaya ya Myagdi, katika kijiji cha Nangi. Mahabir Pun, mzaliwa wa kijiji hicho, alisoma Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Kearney, Marekani, akarudi nyumbani mwaka 1992 na kujitosa kuijenga sekondari ya kijiji, Himanchal. Mwaka 1997 shule ilipata kompyuta zilizotumika kutoka Australia. Umeme wa gridi haukuwapo, wakafunga mtambo mdogo wa kuzungushwa na maji ya kijito. Laini ya simu nayo haikuwapo, na barua pepe ilimaanisha kutembea siku nzima kushuka hadi barabarani, kisha kupanda basi kwenda Pokhara.

Mwaka 2001 Pun aliiandikia BBC kuuliza kama kuna mtu mwenye wazo. Waliojitokeza walikuwa wataalamu wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani, na walichopendekeza kilionekana kama mzaha: vifaa vya Wi-Fi vilivyotengenezwa kwa ajili ya sebuleni, vikifungwa kwenye madishi ya televisheni ili mawimbi yakusanyike na kwenda mbali. Nepal ilikuwa vitani, serikali ikipambana na waasi wa Kimao, na kuingiza vifaa vya redio bila kibali kulikatazwa. Vifaa viliingia kimyakimya. Vituo vya kupokezana mawimbi vikawekwa kwenye migongo ya milima, kimojawapo Mohare Danda, mita 3,300 hivi. Mahali pengine antena zilifungwa juu ya miti kwa sababu fedha ya chuma cha mnara haikuwapo. Kufikia 2003 Nangi ilikuwa imeunganishwa na Pokhara. Mradi ukatambaa hadi zaidi ya vijiji 100, wahudumu wa afya vijijini wakaanza kuzungumza na madaktari wa Pokhara na Kathmandu wakionana kwenye kioo, na mwaka 2007 Pun akapewa Tuzo ya Ramon Magsaysay.

Simulizi hii imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya shujaa. Chenye faida zaidi kwa mwenye kijiji chake ni vitu vidogo vilivyomo ndani yake. Ruta iliyoungua ilikuwa ya bei nafuu kiasi kwamba nyingine ingeweza kuwekwa akiba kabatini. Ilibebeka kwenye mkoba. Aliyeifunga mara ya kwanza alikuwa mtu wa kijijini, hivyo alijua ipi ni nati ipi na waya upi unaingia wapi. Baadaye vijiji hivyo vilijenga nyumba za wageni za jamii kwa watembeaji wa milimani, Mohare ikiwamo, na kituo kilichokuwa peke yake mgongoni mwa mlima kikapata majirani wanaolala pale. Hayo yote hayamo kwenye kitabu cha maelekezo cha kiwanda, na hayo ndiyo yaliyofupisha safari ya fundi.

Mlima wenyewe ni mwenyeji wa nyuso mbili. Urefu wake ni zawadi, maana mawimbi ya masafa haya husafiri kwa mstari ulionyooka, na aliye juu huona mbali. Mgongo wa mlima unaofuata, hata ukiwa mdogo, hufunga njia kabisa. Tena haitoshi macho kuona. Kwenye masafa ya gigahezi 5.8, antena mbili zilizoachana kilomita 10 huhitaji nafasi tupu yenye umbo la yai refu, ambayo katikati ya njia hufikia mita 11 hivi kila upande wa mstari. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo ikizibwa, nguvu ya mawimbi hushuka ingawa kwa darubini kila kitu kiko wazi. Mwenye kuzifahamu nyanda za juu za Afrika Mashariki ataona tatizo papo hapo. Mikaratusi. Mti huu hurefuka mita mbili, tatu au zaidi kwa mwaka, na njia iliyopimwa vizuri wakati wa kuzindua inaweza kuwa imezibwa miaka mitatu baadaye. Fundi atabadilisha ruta, atabadilisha waya, atapiga simu mjini, kumbe dawa ni panga, pamoja na mazungumzo ya heshima na mwenye shamba.

Kisa cha ajabu zaidi kinatoka Scotland. Kuanzia miaka ya mwisho ya muongo wa 2000, Chuo Kikuu cha Edinburgh, kwa msukumo wa Profesa Peter Buneman, kilisaidia wakazi wa Loch Hourn, mkono wa bahari unaoingia kati ya milima mikali ya magharibi, kujenga mtandao wao wenyewe ulioitwa Tegola. Vituo vya vileleni viliendeshwa kwa jua na upepo. Baadhi ya viungo vilivyovuka maji vilififia na kurudi bila sababu iliyoonekana. Kila kifaa kilipopimwa kilikuwa kizima. Chanzo kilikuwa bahari. Mawimbi ya redio yalifika kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kuakisiwa na uso wa maji, na maji yalipojaa au kupwa urefu wa njia ya pili ulibadilika, hadi kuna saa ambapo mawimbi hayo mawili yaliuana. Mvuvi wa Pemba anayehesabu bamvua angeweza kutabiri hitilafu hiyo kuliko mhandisi wa kampuni aliyeketi mjini. Watafiti walijaribu kuruka kutoka masafa hadi masafa kufuata kina cha maji. Ziwa Kivu halijai na kupwa namna hiyo, lakini kioo cha maji kipo palepale, na yeyote anayerusha mawimbi kutoka bara kwenda kisiwa cha Idjwi, ambako mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net ulianza mwaka 2016, hurusha juu ya kioo hicho.

Hata hivyo mawimbi si muuaji mkuu. Muuaji ni umeme.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiwa na Eric Brewer, walichapisha matokeo ya miaka kadhaa ya kuendesha mitandao ya masafa marefu nchini India: mmoja ni AirJaldi wa Dharamsala, mji ulioegemea Himalaya wenye jamii kubwa ya Watibeti waliokimbia kwao, na mwingine ni wa hospitali za macho za Aravind kule Tamil Nadu. Walikwenda wakidhani wataandika habari za antena na programu. Waliishia kuandika habari za soketi. Kwa hesabu yao, si chini ya asilimia 90 ya matukio ya kuharibika yalitokana na umeme mbovu, ukiwamo mruko wa kufikia volti 1,000 kwenye waya unaopaswa kuwa na 230. Umeme ukishuka nusunusu ruta haifi wala haiwaki. Inaganda katikati, taa zinamulika, na mtu aliye mbali anaamini iko hai. Dharamsala ilikuwa pia na nyani waliopenda nyaya, lakini nyani angalau huonekana.

Jibu la kawaida ni sola, na ni jibu zuri likifanyiwa hesabu ya kweli. Chukua kituo kidogo cha kupokezana chenye redio mbili na swichi, kinachokula wati 25. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 600, sawa na ampea-saa 50 hivi kwenye mfumo wa volti 12. Mlimani ukungu unaweza kukaa siku tatu, kwa hiyo akiba inayotakiwa ni ampea-saa 150. Betri za asidi zikinyonywa kupita nusu kila mara hufa mapema, basi weka 300: betri tatu za ampea-saa 100, kila moja kilo 30 au karibu yake. Kilo 90 za kupandishwa kwa mgongo wa mtu, ili kuwasha kitu kinachokula umeme mdogo kuliko taa moja ya zamani ya wati 40. Baada ya miaka michache, mitatu hadi mitano, zinapandishwa tena mpya, na zilizokufa zinapaswa kushushwa kwa sababu zimejaa risasi na tindikali. Betri za lithiamu zenye madini ya chuma zimepunguza mzigo huo hadi chini ya nusu, ila hazitakiwi kuchajiwa joto likiwa chini ya nyuzi sifuri, jambo ambalo muuzaji wa mjini hulisahau na kilele hakilisahau.

Bajeti nyingi hapa ndipo zinapoanguka. Mfadhili hununua betri za kwanza. Za pili hazina mwenyewe. Kijiji huzoea kwamba huduma inafika hadi saa mbili usiku, kisha hadi magharibi, kisha wakati jua linapowaka tu, na siku moja hakuna anayekumbuka lini ilizimika kabisa. Ukienda hapo na fundi atakuambia redio ni nzima.

Radi ni habari ya peke yake. Utafiti uliotumia kumbukumbu za setilaiti za NASA na kutolewa mwaka 2016 uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza duniani kwa wingi wa radi, na nafasi ya pili ikashikwa na Kabare, Kivu Kusini, kwenye milima ya mashariki ya Kongo, kwa miale zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Chuma kirefu juu ya mlima katika nchi kama hiyo ni mwaliko. Ulinzi wake unajulikana: fito za kudaka radi, vidhibiti vya mruko kwenye nyaya, na njia ya shaba ya kuipeleka ardhini. Lakini ardhi ya kilele ni mwamba, nondo ya shaba haizami, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi mzoefu hulazimika kutandaza utepe mrefu wa shaba chini ya udongo kuelekea mahali penye unyevu. Kisha shaba huibwa. Betri nazo huibwa, na dizeli ya jenereta pia. Kwenye minara ya kampuni kubwa hilo limezaa walinzi, uzio na kufuli. Kwenye mtandao wa kijiji ulinzi pekee unaofaa ni majirani kujua kwamba kilichoibwa ni chao.

Ndiyo maana suala la mtu haliwezi kuachwa mwisho wa ripoti. Wale wa Berkeley waligundua kwamba safari nyingi za wataalamu zingeweza kuepukwa kama aliye kituoni angeweza kueleza anachokiona. Walibuni njia ya pembeni ya mawasiliano, isiyotegemea mtandao uleule unaouguzwa, ili mtu wa mbali aulize kituo hali yake hata kikiwa kimekatika. Waliongeza kifaa kidogo cha kuizima na kuiwasha ruta yenyewe inapoganda, na vidhibiti vya umeme vya bei ya chini. Muhimu kuliko vyote, waliwafundisha wenyeji na kuwaachia kazi. Katika vijiji vyetu njia ya pembeni ipo tayari: simu ya batani ya mhudumu wa zahanati au mwalimu wa zamu, akiwa na picha ya jinsi taa za kifaa zinavyotakiwa kuwaka na namba ya fundi. Gharama yake ni vocha.

Fedha ya kila mwezi ndiyo fundo linalofuata, na majibu yaliyopatikana yanatofautiana sana. Mankosi, kijiji cha vilima cha Rasi Mashariki, Afrika Kusini, kilianzisha ushirika wa Zenzeleni, uliosajiliwa mwaka 2014, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Western Cape. Vituo vyake vya sola viliwekwa kwenye nyumba za wanakijiji, na kabla ya intaneti kuingiza kitu, ushirika ulipata fedha kwa kuchaji simu za watu. Hilo lilitosha kuufanya umeme wa kituo uwe na mlinzi mwenye maslahi. Catalonia, Hispania, mtandao wa guifi.net uliozaliwa wilaya ya Osona mwaka 2004 umekwenda mbali zaidi: kampuni zinazofanya biashara juu ya miundombinu ya pamoja huchangia gharama za kuijenga na kuitunza kwa kadiri ya matumizi yao. Nanyuki, kwenye mitelemko ya Mlima Kenya, Mawingu ilianza mwaka 2013 kama jaribio lililoungwa mkono na Microsoft la kutumia masafa yaliyo wazi ya televisheni pamoja na umeme wa jua, kisha ikageuka kampuni ya kawaida inayouza huduma.

Serikali nazo zimeingia. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, na Mei 2023 mikataba ya kujenga minara 758 vijijini ilisainiwa jijini Dodoma. Ni hatua kubwa. Pasipo ruzuku hakuna kampuni itakayopeleka mnara kwa kaya mia mbili zilizotawanyika korongoni. Udhaifu wa ruzuku za namna hii, popote duniani, ni kwamba huvutwa na ujenzi. Mnara uliosimama hupigwa picha, lakini betri iliyobadilishwa kwa wakati haina mpiga picha. Malipo yakiegemea siku ambazo huduma imekuwapo, badala ya siku ya kuwasha, kampuni itakuwa na sababu ya kumwajiri fundi wa tarafa. Kenya kwa upande wake ilichapisha mwaka 2021 utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, ili kijiji kisilazimike kuomba kibali kilekile anachoomba mfalme wa soko.

Wapo wanaosema mjadala huu wote umepitwa na wakati kwa kuwa intaneti sasa inatoka angani. Tahadhari inafaa. Julai 2020 maputo ya Loon, ya kampuni mama ya Google, yalianza kutoa huduma Kenya kwa ushirikiano na Telkom Kenya yakielea kilomita 20 juu ya Bonde la Ufa na maeneo ya jirani. Januari 2021 ilitangazwa kwamba mradi unafungwa. Hakuna fundi wa Baringo angeweza kufanya lolote. Starlink, iliyoingia Rwanda na Kenya mwaka 2023, ni jambo zito zaidi: haihitaji kilele wala kituo cha kupokezana, na kwa zahanati iliyo peke yake inaweza kuwa jibu bora kuliko yote yaliyotajwa hapo juu. Lakini dishi lake la kawaida hula wati 50 hadi 100, mara mbili hadi nne ya kile kituo chetu cha hesabu, kwa hiyo rudi kwenye betri na uzidishe. Linataka anga wazi, na bonde jembamba lina anga nyembamba. Likiharibika halifunguliwi kijijini. Na uwezo wake una mwisho: mwishoni mwa 2024 ililazimika kusimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Kinachobadilika ni mahali hitilafu inapokaa. Ilikuwa mgongoni mwa mlima. Sasa iko kwenye paa, kwenye betri ya chini ya meza, na kwenye uamuzi wa bei unaofanywa bara jingine.

Limebaki tatizo ambalo wanaoendesha mitandao hii hulizungumza zaidi wao kwa wao kuliko mbele ya wafadhili. Kijana aliyefundishwa kusoma mawimbi, kufunga sola na kutengeneza ruta huwa ndiye mtu mwenye ujuzi unaouzika kuliko wote kijijini, na mji unamhitaji. Ataondoka. Miradi inayodumu hufundisha watu kadhaa kwa pamoja, wakiwamo wenye mashamba na watoto shuleni ambao hawana mpango wa kuhama, na huwalipa kwa kila wito badala ya kuwaomba wajitolee milele. Miradi mingine humtegemea mmoja, humsifu sana, kisha hugundua siku ya radi kwamba nywila za ruta zote alikuwa nazo yeye, na namba yake ya simu haipatikani.